Mkate na Kilicho Ndani Yake

Asubuhi ina haraka zake. Mkulima anawahi shamba kabla jua halijawa kali. Mtoto anawahi kengele ya shule. Fundi anawahi kazini. Lakini tumbo nalo linadai haki yake. Mtu afanye nini? Akikaa chini ale kwa utulivu, anachelewa. Akiondoka na njaa, jembe litakuwa zito hata kabla ya saa nne.

Katika nchi nyingi za dunia watu wamepata jibu lililo karibu sawa. Huchukua mkate. Huupasua katikati. Hutia kitu ndani, kisha huubana. Basi. Hakuna sahani wala kijiko. Mtu anatembea huku anakula.

Jibu ni moja, lakini kila mahali lina namna yake. Mahali pengine ndani ya mkate kuna maharage. Pengine kuna yai. Pengine kuna nyama na majani ya bustani. Ukijua kilichomo ndani ya mkate, utajua mengi juu ya watu wanaoula. Utajua wanalima nini. Utajua nani aliwatawala zamani. Utajua pia ni jambo gani linawatia wasiwasi.

Basi twende safari. Hatulipi nauli. Tutafuata jua linavyochomoza, tuone wenzetu wanafungua kinywa na nini.

JINA LILITOKA WAPI

Kabla ya kuondoka, tulijue jina. Waingereza huuita mkate wa namna hii sandwichi. Kwanza hilo halikuwa jina la chakula. Lilikuwa jina la mji. Sandwich ni mji mdogo katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Zamani palikuwa na bwana mmoja mkubwa ambaye cheo chake kiliitwa kwa jina la mji huo. Jina lake mwenyewe lilikuwa John Montagu. Alizaliwa mwaka 1718, akafa mwaka 1792. Kwa miaka kadhaa alisimamia jeshi la majini la Uingereza.

Inasimuliwa kwamba bwana huyu alipenda sana kucheza karata. Hakutaka kuondoka mezani ili ale. Hakutaka pia karata zake zipate mafuta. Basi akaagiza aletewe nyama katikati ya vipande viwili vya mkate. Wengine wanamtetea. Wanasema alikuwa mezani akifanya kazi, siyo akicheza. Vyovyote ilivyokuwa, jina lilienea. Mwaka 1762 mwandishi wa historia, Edward Gibbon, alikuwa tayari amelitaja katika daftari lake la mambo ya kila siku.

Lakini usidhani kwamba bwana yule ndiye aliyewafundisha watu kula. Yeye alitoa jina tu. Watu wa Mashariki ya Kati walikuwa wakikunja mkate bapa juu ya nyama na mboga karne nyingi kabla yake. Mtu mwenye njaa na mwenye haraka hahitaji kufundishwa na bwana mkubwa.

VIETNAM: MKATE WA WAGENI, BUSTANI YA WENYEJI

Jua huwafikia kwanza watu wa mashariki. Huku kwetu Afrika Mashariki ikiwa saa nane ya usiku, nawe umelala fofofo, huko Vietnam ni saa kumi na mbili asubuhi. Kumekwisha kucha.

Mji mkubwa kuliko yote nchini Vietnam ni Ho Chi Minh. Zamani uliitwa Saigon. Jina lilibadilishwa mwaka 1976, baada ya vita vya miaka mingi. Asubuhi barabara zake hujaa pikipiki. Kando ya barabara wamesimama wauzaji wenye vigari vya kusukuma. Mteja anasimamisha pikipiki. Hata hashuki. Anatoa fedha, anapewa mkate uliofungwa kwa karatasi, anaondoka.

Mkate huo huitwa banh mi. Ni mdogo na mrefu, wa kutosha mtu mmoja. Ganda lake ni kavu, ukiliuma linalia. Ndani ni laini na mwepesi. Muuzaji anaupasua kwa kisu. Anapaka ini lililosagwa likawa laini kama siagi. Anapanga vipande vya nyama ya nguruwe, au anatia yai la kukaanga. Kisha anaongeza karoti na figili zilizokatwa nyembamba na kulowekwa katika siki. Juu yake anatia matango, majani ya giligilani na pilipili. Mkate mmoja una chumvi, uchachu, utamu na ukali kwa pamoja.

Sasa jiulize. Vietnam ni nchi ya mpunga. Mkate wa ngano ulifikaje huko?

Jibu liko katika historia. Wafaransa waliuteka mji wa Saigon mwaka 1859. Walitawala kwa karibu miaka mia moja. Walitaka mkate kama wa kwao, na unga wa ngano ukaletwa kwa meli. Hapo mwanzo mkate ulikuwa chakula cha Wazungu na matajiri. Mwaka 1954 Wafaransa walishindwa vita, na nchi ikagawanywa sehemu mbili. Watu wengi wa kaskazini walihamia kusini, wakaingia Saigon. Walihitaji kazi, na walihitaji chakula cha bei nafuu.

Hapo wauzaji wa mjini wakafanya jambo la akili. Waliufupisha mkate. Walipunguza nyama, maana nyama ni ghali. Nafasi iliyobaki wakaijaza mboga za bustani zao. Mkate wa bwana ukawa mkate wa mwananchi. Baada ya mwaka 1975, watu waliokimbia nchi walikwenda nao Marekani, Australia na hata Ufaransa kwenyewe. Leo Mfaransa anaweza kununua banh mi mjini Paris. Mkate umerudi kwao, lakini umerudi na jina jipya na ladha ya Vietnam.

CAIRO: MKATE UNAOITWA MAISHA

Sasa tulifuate jua kuelekea magharibi mpaka Misri. Kama unakaa karibu na Ziwa Victoria, Misri si mbali nawe kama unavyodhani. Maji yanayotoka ziwani pale Jinja, Uganda, huingia Mto Nile na kusafiri mpaka Cairo, mji mkuu wa Misri.

Waarabu wa nchi nyingi huuita mkate khubz. Wamisri huuita aish. Maana yake ni maisha. Neno letu la Kiswahili "kuishi" lina asili hiyo hiyo ya Kiarabu. Kwa hiyo Mmisri akisema anakwenda kununua mkate, ni kama anasema anakwenda kununua maisha. Shika jambo hilo. Utaona baadaye kwamba si mchezo wa maneno.

Mkate wa kila siku ni wa duara na bapa, na juu una pumba. Ukiwa katika tanuru kali huvimba kama puto. Ukipoa hunywea, lakini katikati hubaki wazi kama mfuko. Asubuhi utawaona vijana wakipita kwa baiskeli katikati ya magari. Mkono mmoja umeshika usukani. Mkono mwingine umeshika chanja pana la mikate lililowekwa kichwani.

Ndani ya mkate huo hutiwa nini? Hutiwa ful. Hayo ni maharage makubwa ya rangi ya kahawia. Si kama maharage yetu. Ni mapana na ganda lake ni nene. Hutiwa katika chungu kikubwa chenye shingo nyembamba. Huachwa juu ya moto mdogo usiku kucha. Zamani vyungu hivyo viliwekwa katika majivu ya moto wa nyumba za kuogea za mjini, ili moto ule ule uchemshe maji na kuivisha maharage. Asubuhi muuzaji anachota kwa kata ndefu. Anaponda kidogo, anatia mafuta, chumvi, ndimu na bizari nyembamba. Anajaza mkate. Mteja anakula akiwa amesimama karibu na mkokoteni.

Asiyetaka ful anaweza kuchagua taamiya. Hizo ni bajia. Maharage ya namna ile ile hulowekwa, husagwa mabichi pamoja na majani ya bustani na vitunguu, kisha hukaangwa. Ukizivunja utaona ndani ni za kijani kibichi. Katika nchi nyingine za Kiarabu bajia kama hizo hutengenezwa kwa dengu.

Tajiri anakula ful. Maskini anakula ful. Tofauti ni kwamba tajiri akitaka anaongeza yai na siagi, na maskini anaongeza mkate.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Misri ina watu zaidi ya milioni 100, na sehemu kubwa ya nchi ni jangwa. Ngano wanayoilima haiwatoshi. Zaidi ya nusu ya ngano wanayokula hutoka nje. Misri ni moja ya nchi zinazonunua ngano nyingi kuliko zote duniani.

Kwa miaka mingi Serikali ya Misri imekuwa ikilipa sehemu kubwa ya gharama ya mkate ili wananchi waupate kwa bei ndogo. Malipo ya namna hiyo huitwa ruzuku. Mwezi Januari mwaka 1977, wakati wa Rais Anwar Sadat, Serikali ilitangaza kupunguza ruzuku ya vyakula kadhaa, vikiwemo unga, mchele na sukari. Watu waliingia barabarani siku ya pili yake. Ghasia zilienea katika miji mingi kwa siku mbili, tarehe 18 na 19. Watu zaidi ya 70 walikufa. Serikali ikaurudisha nyuma uamuzi wake.

Somo hilo halikusahauliwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 mkate wa ruzuku uliuzwa kwa piasta 5. Piasta 100 ni pauni moja ya Misri. Bei hiyo haikuguswa kwa zaidi ya miaka 30. Lakini unga ulipanda bei, na fedha ikapungua thamani. Ikawaje? Mkate ukapungua uzito. Mwaka 2020 ulipunguzwa kutoka gramu 110 hadi gramu 90. Bei ilikuwa ile ile, lakini mkate haukuwa ule ule.

Mwezi Februari mwaka 2022 vita kubwa ilianza kati ya Urusi na Ukraine. Nchi hizo mbili ndizo zilizokuwa zikiiuzia Misri sehemu kubwa ya ngano yake. Bei ya mkate usio wa ruzuku ikapanda haraka, hata Serikali ikaupangia bei mwezi uliofuata. Mwishowe, tarehe 1 Juni 2024, mkate wa ruzuku nao ulipandishwa kutoka piasta 5 hadi piasta 20. Serikali ilieleza kwamba kutengeneza mkate mmoja kunagharimu kama piasta 125. Mkate huo hupewa wenye kadi, na kila mtu ana haki ya mikate mitano kwa siku. Watu wapatao milioni 70 wanategemea mpango huo.

Kuna jingine. Zamani Misri ilijilimia maharage yake ya ful kwa wingi. Siku hizi sehemu kubwa huagizwa kutoka nchi za mbali, kama Australia na Uingereza. Kwa hiyo mtu wa Cairo ananunua mkate wa ngano ya nje, wenye maharage ya nje ndani yake. Chakula ni cha mababu zake, lakini shamba ni la watu wengine. Bei ikipanda ng'ambo ya bahari, yeye anaisikia tumboni.

LAGOS: BAJIA UNAZOZIJUA

Tuendelee na jua. Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, Lagos nchini Nigeria ni saa kumi na mbili. Huu ni mmoja wa miji mikubwa kuliko yote Afrika. Magari husongamana tangu alfajiri. Anayekaa mbali na kazi huondoka nyumbani gizani.

Kando ya barabara mama mmoja ana karai la mafuta ya moto. Anachota uji mzito mweupe kwa kijiko na kuudondosha katika mafuta. Unavimba, unageuka rangi, unaelea. Hizi ni akara. Zinatengenezwa kwa kunde. Kunde hulowekwa, humenywa maganda, husagwa, kisha hupigwapigwa mpaka ziwe nyepesi. Hutiwa vitunguu na pilipili.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ameshatabasamu. Anasema, "Kumbe ni bajia za kunde!" Naam, ni ndugu zake. Pwani tunazila na chatne ya nazi. Lagos wanazibana ndani ya mkate. Wengine huzila na uji wa mahindi.

Mkate wao mashuhuri huitwa mkate wa Agege. Agege ni sehemu ya Lagos iliyo kando ya reli. Mkate huo ni laini, una utamu kidogo, na ukiukamua kwa mkono unarudi ulivyokuwa. Wauzaji huubeba kichwani na kuupitisha katikati ya magari yaliyosimama.

Akara zilisafiri mbali kuliko wauzaji wake. Wakati wa biashara ya utumwa, watu wengi wa Afrika Magharibi walipelekwa Brazil kwa nguvu. Hawakuruhusiwa kuchukua mali. Lakini ujuzi wa mikono yao haukuweza kunyang'anywa. Huko Salvador, mji wa jimbo la Bahia, wanawake waliovaa nguo nyeupe huuza chakula kiitwacho akaraje. Ni akara ile ile ya kunde, iliyokaangwa katika mafuta ya mawese. Wao huipasua bajia yenyewe katikati, wakatia kamba wa baharini na pilipili ndani yake. Kwao bajia ndiyo mkate.

Nigeria nayo ina shida ya ngano. Karibu ngano yote inatoka nje. Mwaka 1987 Serikali ilipiga marufuku kuingiza ngano nchini, ili watu walime na kula vya kwao. Mkate ukawa adimu na ghali. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1992. Baadaye Serikali ilihimiza waokaji wachanganye unga wa muhogo na ule wa ngano, maana Nigeria inalima muhogo mwingi kuliko nchi yoyote duniani.

Lakini angalia tofauti kati ya Lagos na Cairo. Ngano ya Lagos ni ya kununua, sawa. Kunde je? Nigeria inaongoza dunia nzima kwa kulima kunde. Kwa hiyo mkate umetoka mbali, lakini kilichomo ndani kimetoka kwa mkulima wa nchi ile ile. Fedha ya mama muuza akara huzunguka na kumrudia mkulima wa kaskazini mwa Nigeria. Haivuki bahari yote.

KAMPALA: YAI NDANI YA CHAPATI

Sasa turudi Afrika Mashariki. Tusimame Kampala, mji mkuu wa Uganda, mahali paitwapo Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Kijana ana meza ndogo, jiko la mkaa na kikaango bapa. Anavunja mayai mawili ndani ya kikombe. Anatia kitunguu, nyanya, kabichi na chumvi. Anakoroga na kumimina. Mayai yakianza kushika, anaweka chapati juu yake. Anageuza. Kisha anaviringisha chapati na mayai pamoja kama mkeka. Anafunga kwa karatasi. Kazi imekwisha, na chakula ni cha moto.

Chakula hiki huitwa rolex. Wageni hushangaa, kwa kuwa Rolex ni jina la saa za mkononi za bei kubwa sana. Lakini si saa. Ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, yakitamkwa haraka haraka. Wanafunzi wa Makerere walikipenda kwa sababu kilikuwa rahisi na kilishibisha. Sasa kinauzwa katika miji mingi ya Uganda, na kimevuka mipaka.

Chapati nayo ilikuwa mgeni. Ilikuja na Wahindi. Wengi wao waliletwa na Waingereza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, kati ya mwaka 1896 na mwaka 1901. Mayai, nyanya, vitunguu na kabichi ni vya mkulima wa Uganda. Umeona tena? Ganda ni la mgeni, moyo ni wa mwenyeji.

Asiye na fedha ya mayai huko Kampala huagiza kikomando. Hiyo ni chapati iliyokatwa vipande na kuchanganywa na maharage. Ni chakula cha watu wa kazi ngumu.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, sisi pia tuna mapishi yetu. Mombasa wanakula mahamri na mbaazi za nazi. Katika vibanda vya chai vya Tanzania utapata chapati na maharage. Zanzibar wana boflo, ule mkate wa kununua dukani. Hatuna haja ya kumwonea wivu mtu wa Cairo wala wa Saigon.

Lakini tujiulize kwa ukweli. Nyumba ngapi asubuhi zina chai ya rangi na kipande cha mkate mtupu? Watoto wangapi huenda shule na andazi moja? Mkate mtupu hushibisha kwa muda mfupi. Saa nne haijafika, mtoto anasinzia darasani. Mwalimu anadhani ni mvivu. Kumbe ana njaa.

Watu wa miji tuliyopita hawakutia vitu katika mkate kwa ajili ya urembo. Walijua kwamba mkate peke yake hautoshi. Nafaka hutupa nguvu. Maharage, kunde, mbaazi, karanga na mayai hujenga mwili. Tena nafaka na jamii ya kunde husaidiana. Kinachopungua katika nafaka kimo katika kunde, na kinachopungua katika kunde kimo katika nafaka. Wazee wa Misri na wa Lagos hawakuyasoma hayo katika kitabu. Waliyaona katika afya ya watoto wao.

Jambo la pili ni bei. Tanzania inalima ngano kidogo, kwa mfano huko Hanang, Karatu na nyanda za juu kusini. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini hutoka nje. Vita ilipoanza Ukraine mwaka 2022, unga wa ngano ulipanda bei hata huku kwetu. Andazi likawa dogo. Mwanakijiji hana uwezo wa kuzuia vita ya Ulaya. Lakini ana uwezo wa kupanda mistari michache ya kunde katikati ya mahindi yake. Ana uwezo wa kufuga kuku wa mayai. Bei ya mkate inapangwa mbali. Kilicho ndani ya mkate unaweza kukipanga wewe.

Na kama mkate haupo kabisa? Basi tukumbuke wanawake wa Bahia. Bajia yao ndiyo mkate wao. Kiazi kitamu kilichochemshwa, kikapasuliwa na kutiwa karanga zilizopondwa, ni kazi ile ile. Muhogo na maharage ni kazi ile ile. Vyote vinashikika mkononi na kufika shambani.

BAJIA ZA KUNDE KWA MKATE AU CHAPATI

Kama nyumbani kuna kunde, jaribu hivi:

1. Loweka vikombe viwili vya kunde kavu katika maji safi usiku kucha.
2. Asubuhi zisugue kwa mikono mpaka maganda yatoke. Mimina maji, maganda yataelea. Yaondoe.
3. Twanga kunde katika kinu au saga juu ya jiwe mpaka ziwe laini. Usitie maji mengi.
4. Tia kitunguu kilichokatwa, pilipili kidogo na chumvi.
5. Pigapiga kwa mwiko mpaka uone rojo limekuwa jepesi. Hapo ndipo bajia hupata ulaini wake.
6. Pasha mafuta moto. Dondosha kijiko kimoja kimoja. Geuza mpaka ziwe za rangi ya kahawia pande zote.
7. Pasua mkate, au tandaza chapati. Panga bajia, nyanya na kabichi iliyooshwa vizuri. Bana au viringisha.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza. Kama mboga zinaliwa mbichi, zioshe kwa maji safi na salama.

Bajia zitakazobaki mtoto anaweza kwenda nazo shule. Mama au baba mwenye nafasi anaweza pia kuziuza asubuhi njiani au stendi, kama wanavyofanya wenzetu wa Lagos. Hesabu kwanza gharama ya mafuta na kuni, ndipo upange bei.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Someni habari hii pamoja nyumbani au katika kikundi, kisha mzungumze:

1. Kwa nini Wamisri huuita mkate "maisha"?
2. Watu wa Vietnam waliubadilishaje mkate walioletewa na Wafaransa?
3. Mkate wa Cairo na mkate wa Lagos vyote vina ngano ya nje. Tofauti yake ni nini?
4. Katika kijiji chenu, watoto hula nini kabla ya kwenda shule? Katika hicho, ni kipi mnanunua na ni kipi mnalima?
5. Ni kitu gani kinacholimwa kwenu ambacho kinaweza kutiwa ndani ya mkate, chapati au kiazi kuanzia kesho asubuhi?